Mtaa wa Schroeder Ulivyohesabiwa

Nywele za Ninfa Schroeder zilikuwa za njano kwa zaidi ya miaka ishirini, na aliyezifanya njano ni dada yake wa tumbo moja, Eduviges Barrientos, kwenye kiti cha saluni yake, kwa mikono yake mwenyewe, huku akimwambia kila mara kwamba hazimpendezi.

"Unafanana na mahindi yaliyokauka shambani," Eduviges alikuwa akisema, anapaka dawa.

"Paka, usihubiri," Ninfa alikuwa akijibu.

Wakaishi hivyo, mmoja anapaka, mwingine anapakwa, mpaka ilipokuja kesi.

Eduviges alizaliwa Kettler, mji mdogo wa kusini mwa Texas wenye reli katikati na kiburi upande mmoja. Kaskazini ya reli ni Wazungu, na lami, na miti iliyopandwa kwa mstari. Kusini ni Wameksiko, na bwawa la maji taka ya mji mzima, ambalo mvua ikizidi halikai mahali pake, linawafuata watu majumbani. Baba yake, mzee Cantú, alivuna vitunguu mpaka mgongo ukagoma. Eduviges naye alivuna, akaacha shule, akajifunza nywele kwa mwanamke mmoja wa Laredo aliyekuwa akimpiga na kitana akikosea, kisha akafungua saluni kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Mdomo wake ulikata kuliko mkasi. Watu walikuja hata hivyo, Wazungu kwa Wameksiko, maana mkono wake ulikuwa mwepesi, na ukitaka habari za mji huu huzipati kanisani.

Mumewe, Cruz Barrientos, fundi bomba, aligombea udiwani mara tatu akaanguka mara tatu. Si kwamba hakupendwa. Kusini walimpa kura karibu zote. Lakini Kettler haikuwa na kata. Kila kiti cha baraza kilipigiwa kura na mji mzima, na Wazungu walizidi kidogo kwenye daftari la wapiga kura, basi wakajaza viti vyote vitano wenyewe, uchaguzi baada ya uchaguzi, halafu wakakaa mezani kuamua bwawa la maji taka lijengwe wapi na lirekebishwe lini. Mara ya tatu Cruz alipogombea, bango la mpinzani wake lilisimama kwenye uwanja wa nyumba ya Ninfa, shemeji yake. Cruz alipita akaliona, akacheka. Eduviges hakucheka.

Cruz alipokufa, zilisaliwa rozari siku zote tisa kama ipasavyo, na zilipokwisha tu, mjane akavaa viatu akaenda kwa wakili Baltazar Quiroz, kijana wa kusini aliyesoma akarudi.

"Nataka kuwashitaki," alisema.

"Nani, mama?"

"Wote."

Wakili akamweleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa. Jaji wa shirikisho anaweza kuulazimisha mji ugawe kata, kila kata ichague diwani wake. Lakini kabla jaji hajasikiliza hata neno moja juu ya dhuluma, lazima aonyeshwe kwamba inawezekana kuchora kata moja ambayo zaidi ya nusu ya raia wake wenye umri wa kupiga kura ni Walatino.

"Walatino ndio sisi?"

"Mahakamani ndio sisi."

"Basi chora, unangoja nini?"

"Kuchora si kazi. Kazi ni kuhesabu. Tusipofika nusu na mtu mmoja, jaji anafunga faili, na bwawa linabaki."

Kuhesabu kukaletewa mtu wake, Daktari Farrow, mtaalamu wa takwimu za watu kutoka chuo kikuu, Mzungu mwembamba asiyemaliza sentensi bila neno "takriban." Alitandaza ramani kwenye meza ya saluni, katikati ya chupa za shampuu. Kusini yote, alisema, haitoshi. Watu wamejaa, ndiyo, lakini wengi ni watoto, na wengine wengi hawana uraia, na sheria inahesabu raia wazima tu. Inabidi kata ivuke reli kule mashariki, ichukue Mtaa wa Schroeder.

Eduviges akakaa chini. "Kuna kila mtaa duniani," alisema, "na wewe umechagua huo."

Mtaa wa Schroeder ulikuwa hivi. Zamani za mababu alikuja Mjerumani mmoja, akanunua ardhi, akaoa msichana wa Kimeksiko wa hapo hapo. Wanawe wakaoa Wameksiko. Wajukuu wakaoa Wameksiko. Baba alipogawa kiwanja kwa wanawe, wanawe nao wakagawa kwa wao, kama desturi ilivyo, mpaka mtaa mzima ukawa wa ndugu, nyumba kwa nyumba, na kila sanduku la barua limeandikwa Schroeder. Ujerumani ilibaki kwenye jina tu. Walikula tortilla, zile chapati za mahindi, waligombana kwa Kihispania, walimzika mtu kwa Kihispania. Lakini lile jina lilikuwa mlango. Enzi za shule mbili, ya Wazungu na ya Wameksiko, babu Schroeder alikuwa anaandika "mzungu" kwenye kila karatasi anayopewa, na watoto wake, weusi kama kahawa ya asubuhi, wakaingia shule nzuri. Wengine mtaani pale hawakuacha kuandika hivyo hadi leo, ingawa shule imekuwa moja. Ninfa, aliyeolewa na Leopoldo Schroeder, aliandika kwa wino mzito kuliko wote.

Eduviges alimwambia siku alipokuja kupakwa rangi. Alichagua vibaya. Dawa ilikuwa kichwani tayari.

"Mtaa wangu?" Ninfa aligeuka kwenye kiti. "Umeniweka mimi kwenye kata ya Wameksiko?"

"Tulia, utaingiza dawa machoni."

"Nani kakutuma? Nilikuomba? Nimehangaika maisha yangu yote nivuke ile reli, wewe unachukua kalamu unanirudisha kwenye vitunguu!"

"Hakuna anayekurudisha. Unapiga kura tu, pale pale unapokaa, na sisi tunapata mtu mmoja barazani. Mmoja, Ninfa. Kati ya watano."

"Cruz amekufa, dada. Hata umpe kata kumi hatakuwa diwani."

Eduviges aliweka brashi chini. Alisema jambo kuhusu bango na uwanja, na jambo jingine kuhusu mtu anayeolewa na jina, na Ninfa akasimama na aproni yake shingoni na dawa haijaoshwa, akatoka nje, akapanda gari lake akaondoka. Zile nywele zikawa rangi ya karoti. Akaenda kutengenezwa mji mwingine, na walizitengeneza vibaya.

Kesi ilipotangazwa gazetini, Wazungu wa saluni wakaanza kuondoka. Hakuna aliyegomba. Mmoja alipata mafua, mwingine mpwa wake amefungua saluni, wa tatu alisema kwa upole kwamba yeye hana ubaya na mtu, ila kwa nini sasa, baada ya miaka yote tuliyokaa vizuri?

"Mlikaa vizuri ninyi," Eduviges alimjibu, "sisi tulikuwa tumesimama."

Yule naye hakurudi. Halafu mtu akamwaga ndoo ya maji ya bwawa kwenye ngazi ya saluni, na harufu ikakaa wiki nzima. Eduviges akatundika bango mlangoni: "Tuko wazi. Zibeni pua."

Karibu na Krismasi akaenda Mtaa wa Schroeder. Ilikuwa siku ya kutengeneza tamales, na wanawake wote wa mtaa walikuwa jikoni kwa Ninfa, wamezunguka meza, huyu anapaka unga wa mahindi kwenye ganda la hindi, huyu anatia nyama, huyu anafunga. Siku kama hiyo hakuna mlango unaofungwa kwa ndugu, hata ndugu aliye adui, na Eduviges alijua hivyo, ndiyo maana aliichagua. Akanawa mikono, akavuta ganda, akaanza kupaka.

"Amekuja kutuhesabu," Ninfa akasema, hakuinua kichwa.

"Nimekuja kuomba." "Wakili anataka watu wa mtaa huu waseme kwa kiapo wao ni nani. Mtaalamu wa mji anatumia orodha ya majina. Jina la Kihispania, Mlatino. Jina si la Kihispania, si Mlatino. Basi ninyi nyote hapa mmekuwa Wajerumani."

Mmoja wa mawifi akaangua kicheko. "Mimi Mjerumani! Mama yangu akisikia atafufuka."

"Paka nyembamba, unajaza unga," mwingine akamwambia. "Mjerumani hapaki hivyo."

"Mnacheka," Ninfa alisema. "Watoto wenu wanaomba kazi kule kaskazini kwa jina gani? Mkiisha kusaini karatasi ya huyu, mtu akisoma Schroeder ataona nini? Ataona Cantú!"

"Na Cantú ana ubaya gani?" Eduviges akasema. "Baba yetu alikuwa Cantú."

"Baba yetu alikufa na udongo kwenye kucha."

Mawifi wakaacha kupaka. Kama Eduviges angenyamaza, angeshinda siku ile. Hakunyamaza. "Na baba mkwe wako alikufa na pilipili kwenye masharubu," alisema, "na kwenye jeneza mlimwimbia kwa Kijerumani gani, nikumbushe?"

"Toka nyumbani kwangu."

Hapo Leopoldo, aliyekuwa mlangoni na sufuria ya mvuke, mtu mpole asiyetia neno kati ya wanawake, akatia. "Mimi nitasaini, shemeji."

"Utasaini nini?" Ninfa akamgeukia.

"Nitasema mimi ni Mlatino. Kwani ni siri? Nijitazame kwenye kioo niulize nani huyu?"

Ninfa alimtupia ganda lenye unga. Likampata kifuani, likabaki limenata pale. Wiki zilizofuata mawifi wakaanza kufika saluni mmoja mmoja, kila mmoja akidai amekuja kukatwa ncha tu, na kila mmoja akasaini. Ninfa naye hakukaa bure. Alipanda gari akaenda ofisini kwa Haverty, wakili wa mji, akamwambia, "Mnahitaji shahidi?"

Kesi ilisikilizwa katika jiji la pwani, mbali na Kettler, mbele ya Jaji Oakes, bibi mmoja wa Kizungu aliyekunywa maji ya moto yenye ndimu na hakumtabasamia mtu yeyote, hata walinzi wake. Mji ulimleta Daktari Lindqvist, mtaalamu wa koti zuri na sauti ya redio, ambaye alishatoa ushahidi kwenye kesi za namna hii mara nyingi, siku zote upande wa miji.

Lindqvist alianza na orodha ya majina, ambayo Farrow naye aliitumia. Kata iliyochorwa na Daktari Farrow, alisema, imefika nusu na kijisehemu kwa sababu imehesabu majina, haikuhesabu watu. Haverty akamwita Rosendo Delgado, nesi wa nyumba ya wazee iliyo ndani ya kata ile.

"Bwana Delgado, wewe ni Mlatino?"

"Mimi ni Mfilipino, bwana."

Watu wakacheka. Hata karani alicheka. Eduviges alimnong'oneza wakili wake, "Huyo namnyoa mimi! Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa sababu wewe si ushahidi, mama. Nyamaza."

Wafilipino walikuwa familia kadhaa zenye majina ya Kihispania, zote zinafanya kazi kwa wazee. Juu yao Lindqvist akaongeza wanawake wawili wa Kizungu walioolewa na wanaume wa ukoo wa Garza. Akawatoa wote, na Mtaa wa Schroeder mzima pia, kwa kuwa jina lao halimo kwenye orodha. Akaonyesha hesabu mpya kwenye skrini, na hesabu ilikuwa chini ya nusu. Upande wa mji wakaanza kukusanya makaratasi yao kama watu wanaosubiri ibada iishe.

Daktari Farrow akasimama. Wafilipino, alisema, ni kosa lake, na wametolewa kwa haki. Lakini orodha hiyo hiyo ina tundu upande wa pili. Kuna mtaa mzima wa watu wazima, raia, ambao orodha inawaita si Walatino kwa sababu babu wa babu yao alitoka Ujerumani. Hivi hapa viapo vyao.

"Schroeder haipo kwenye orodha," Lindqvist akasema.

Jaji alimtazama juu ya miwani. "Daktari, nyumba ya wazee ulikwenda?"

"Tulituma mtu, mheshimiwa."

"Na Mtaa wa Schroeder mlituma mtu?"

"Hapakuwa na sababu. Jina halina utata."

Jaji aliandika kitu. Eduviges alitamani kujua ni nini kuliko alivyowahi kutamani chakula.

Ndipo Haverty akamwita Ninfa. Alipita mbele na nywele zake za karoti na gauni la buluu, hakumtazama dada yake, akala kiapo kwa sauti kubwa.

"Mama Schroeder, wewe ni Mlatino?"

"Mimi ni Mmarekani."

"Kwenye sensa ulijaza nini?"

"Mzungu. Si Mlatino. Na nilijaza mwenyewe, sikushikwa mkono."

"Kuna mtu amewahi kukuzuia kupiga kura Kettler?"

"Nani athubutu?"

Haverty akakaa, ameshiba. Wakili Quiroz alikuwa anainuka, na Eduviges akamshika mkono wa koti. "Muache. Huyo namjua. Ukimgusa atakuchoma." Wakili akauchomoa mkono, akamkabili shahidi.

"Mama Schroeder, ulianza lini kujaza hivyo?"

"Nilipoolewa."

"Na kabla hujaolewa?"

"Nilikuwa Cantú. Cantú angejaza nini, Mchina?"

Vicheko tena. Wakili hakucheka. "Basi wewe ni yule yule, mama. Kilichobadilika ni nini?"

Haverty akainuka kupinga, na jaji akasema shahidi ajibu. Ninfa kwa mara ya kwanza akageuka akamtazama dada yake, na uso wake ukawa mwekundu mpaka shingoni.

"Muulize huyo hapo. Muulize habari za bwawa la kuogelea. Tulipokuwa watoto, Wameksiko walikuwa na siku moja tu kwenye bwawa la mji, siku ya mwisho kabla hawajatoa maji. Wiki nzima wamekojoa humo watoto wao, halafu sisi ndio tunaitwa, ingieni. Maji kama supu. Yeye aliingia. Aliruka na kupiga kelele kwa furaha, mjinga! Mimi nilisimama nje, kwenye uzio wa waya. Jumamosi yake nikarudi pale pale kwenye waya, nikamwona Leopoldo Schroeder ndani ya maji masafi, mweusi kuliko mimi, mweusi kuliko huyo, anaogelea na Wazungu. Hakuna aliyemtoa. Kwa nini? Jina! Nikajiambia, jina lile nitalipata. Sikuolewa na mwanamume, bwana wakili, niliolewa na jina, na yeye anajua, amekaa pale." Leopoldo, kwenye benchi la nyuma, alitazama kofia yake. "Na kesho mkiniletea karatasi nitajaza hivyo hivyo. Mzungu! Wewe Eduviges umebaki na jina la wakulima, umepata nini? Umepata maji taka sebuleni na mume aliyekufa anaomba kura. Usiniite huko. Mimi nilishatoka."

Wakili Quiroz akasema hana swali lingine. Haverty alikaa kama mtu aliyekalia jiko, akaangalia dari.

Lakini jaji hakuwa amemaliza. Akawaita wataalamu wote wawili, wasimame pamoja. "Shahidi huyu," aliwauliza, "mnamhesabu vipi?"

"Si Mlatino," Lindqvist akajibu haraka.

"Daktari Farrow?"

Farrow akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Si Mlatino, mheshimiwa. Siwezi kumpa mtu asilolitaka. Namtoa. Na wengine wa mtaa ule walioandika kama yeye na hawakusaini, ni takriban watano, nawatoa pia."

Kwenye ukumbi wa nje Eduviges akamkamata mtaalamu wake mlangoni mwa choo.

"Wewe ni mtaalamu wa nani?"

"Wa hesabu, mama."

"Nimetembea mlango kwa mlango nikuletee watu, wewe unawatoa kwa mkono mmoja! Yule ni dada yangu! Mama mmoja, baba mmoja! Ikiwa yeye si Mlatino, mimi ni nini, Mfilipino?"

"Yeye ni vile alivyosema mwenyewe."

"Alisema kwa hasira! Hukusikia hadithi yote? Hukusikia anasema Cantú angejaza nini?"

"Nilisikia," Farrow akasema. "Na jaji alisikia. Lakini mimi nimeulizwa kuhesabu."

"Tumebaki wangapi?"

"Tuko juu ya nusu. Kwa nywele moja."

"Basi hiyo nywele ikiyumba," Eduviges akamwambia, "usipite Kettler."

Njiani kurudi wakili alijaribu redio, akaizima.

Hukumu ilikawia. Majira ya joto yakaja, bwawa likanuka, likafurika mara moja na kuingia nyumba tatu. Saluni ilibaki na wateja wa kusini peke yao, na mawifi wa Schroeder waliokuja kwa mlango wa nyuma. Eduviges aliuza gari la Cruz. Alimwona Ninfa mara kadhaa kwenye duka la nyama, na wote wawili wakajifanya wanasoma bei. Leopoldo alihamia kwa kaka yake, nyumba ya pili mtaa ule ule, akala huko, akalala huko, na kila asubuhi alikwenda kumwagilia maua ya mkewe bila kusalimiwa.

Siku hukumu ilipofika, wakili alikuja nayo saluni akaisoma kwa sauti, watu wamejazana mpaka barazani. Jaji Oakes aliandika kurasa nyingi, na nyingi zilikuwa kavu kama makapi. Lakini mahali pamoja aliandika kwamba wataalamu wote wawili walikosea, na kukosea si dhambi, maana hesabu ya watu haiji bila makosa. Tofauti ni kwamba mtaalamu wa mji alitafuta kwa bidii kila jina lililozidisha Walatino, na hakutafuta hata moja lililowapunguza. Mtaalamu wa walalamikaji alisahihisha pande zote mbili, na alipoulizwa juu ya shahidi mmoja, alimtoa hata kama kumtoa kuliwaumiza walalamikaji wenyewe. Mahakama inamwamini huyo. Kata inawezekana.

Kisha akaandika kwamba kuhusu historia ya Kettler, hakupata ushahidi mzito kuliko wa Bi. Ninfa Schroeder, na kwamba ushahidi huo uliletwa mahakamani na mji wenyewe.

Saluni ikalipuka. Watu walipiga makofi, walipiga sufuria, mtu akaenda kuleta bia. Eduviges alikaa kwenye kiti chake cha wateja, akasema, "Farrow yule. Mshenzi yule. Mpelekeeni tamales." Halafu akalia kidogo, akafuta uso na taulo la nywele, akawafukuza wote.

Mji ukagawanywa kata tano. Kata ya tatu ilikuwa kusini yote, na ikavuka reli mashariki, ikachukua Mtaa wa Schroeder kama ilivyochorwa. Watu wa kusini wakakubaliana kumsimamisha mwalimu Saturnino Ybarra, mtu safi, anayejua kusema. Ilikuwa imebaki kidogo siku za kujiandikisha zifungwe ndipo mwalimu akaja saluni amekunja kofia. Mkuu wa shule amemwita, akamwuliza kama anaipenda kazi yake. Mwalimu ana watoto wanne. Eduviges hakumtukana. Alitaka, lakini aliona ile kofia ilivyominywa.

Kesho yake mchana, Eduviges anakula supu peke yake, mlango ukafunguliwa bila hodi. Ninfa aliingia, akavuta kiti, akakaa.

"Nagombea," alisema.

"Unagombea nini?"

"Kata ya tatu. Nimetoka kujiandikisha sasa hivi."

Kijiko cha Eduviges kikasimama njiani. "Wewe uliapa mbele ya jaji kwamba si mtu wa hapa!"

"Niliapa mimi si Mlatino. Sikuapa sikai Mtaa wa Schroeder. Sheria inasema mkazi. Umenichora humo mwenyewe, dada, sasa unashangaa nini?"

"Nani kakutuma? Haverty?"

"Hakuna aliyenituma. Wamesema watanisaidia mabango, nimekubali, bango ni bango." Ninfa aliivuta sahani ya tortilla, akachukua moja, akaikunja, akaila bila kuombwa. "Saturnino amekimbia. Hakuna mwingine. Nitakuwa diwani, na nitakuwa diwani mzuri, wale wazee wa kaskazini hawatanikalia kichwani, unanijua. Nimekuja kuomba kura yako, kwa adabu."

"Na bwawa?"

"Bwawa tutaliangalia."

"Tutaliangalia," Eduviges akarudia. Ndivyo walivyokuwa wakimjibu Cruz, neno hilo hilo, miaka yote. "Ninfa, bora nimpe kura yangu mbwa wa jirani. Yeye angalau maji yakija anabweka."

"Basi mpe mbwa. Kura yangu peke yake inatosha." Ninfa alijifuta mikono kwenye kitambaa cha meza. "Unafikiri hawa watu wako watasubiri nani? Wewe?"

Alicheka aliposema hivyo. Eduviges alikipokea kicheko kile kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Eduviges alisimama, akazima jiko la supu, akachukua mkoba wake ulipokuwa unaning'inia nyuma ya mlango. Hakuvaa koti, hakujitazama kwenye kioo hata kimoja cha vile vioo vyote. Ninfa alimfuata mpaka kibarazani.

"Unakwenda wapi?"

"Ofisi ya mji inafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Dada, usinichezee. Dada! Watu watatucheka, sisi wawili tukisimama!"

"Wacheke," Eduviges alisema, tayari yuko barabarani. "Funga mlango ukitoka, na usiguse tortilla zangu."

Akavuka reli kwa miguu, na jua kali lile la saa nane.